Datsun 240Z inachemsha kwenye foleni: soma dalili kabla ya kununua feni

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, msomaji wake wa ramani akiwa Lofty Drews. Matope, vumbi, milima, mwendo wa mchana na usiku, na injini ya silinda sita ya L24 ikafika mwisho.

Nayataja hayo kwa sababu kila mara nasikia mtu akisema, "Hizi 240Z ndivyo zilivyo, lazima zichemshe." Si kweli. Ikiwa nzima, yenye rejeta safi na feni inayovuta, sindano ya temperecha inakaa katikati hata kwenye foleni ya Mombasa Road saa nane mchana. Ikipanda, kuna kitu kimechoka, na mara nyingi utakiona kwa macho na kukigusa kwa vidole kabla hujatoa hata shilingi.

Kosa ninaloliona zaidi ni hili: gari linachemsha mara moja, mwenyewe anakimbilia maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road au Gerezani, ananunua feni ya umeme iliyo kubwa kuliko zote dukani, fundi anaifunga kwa nusu saa. Wiki ya pili gari linachemsha palepale, na sasa betri nayo inalala. Feni haikuwa mbovu. Haikuwa dawa ya ugonjwa ule, au ilikuwa dawa sahihi ikafungwa kwenye gari lisiloweza kuilisha umeme.

Tahadhari mbili kwanza. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo yatakurukia usoni yakiwa yamepita nyuzi 100. Na usisimame usawa wa mapanga ya feni injini ikiwa inanguruma. Feni ya miaka 50 inaweza kuwa na ufa usioonekana kwenye shina la panga, na panga likikatika linaruka kama kisu. Kama gari lina feni ya umeme, toa waya wa betri kabla ya kuingiza mkono, kwa maana feni hiyo inaweza kuwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

## Linachemsha wapi?

Swali hili ndilo linalotenganisha tatizo la feni na matatizo mengine yote. Kazi ya feni ni moja tu: kuvuta hewa kupita kwenye rejeta wakati mwendo wa gari hautoshi kuileta. Ukishafika kilomita 60 kwa saa, upepo wa mwendo unafanya kazi hiyo, na feni hapo ni kama abiria.

Kama temperecha inapanda ukiwa umesimama au unatambaa, kisha inashuka yenyewe ukipata barabara wazi, basi umeshapata mshukiwa. Ni feni, au klachi yake, au kava lake, au mkanda. Endelea kusoma.

Kama inapanda ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa pale tambarare ya Mtito Andei, acha feni. Hapo angalia rejeta iliyoziba kwa ndani kwa kutu ya maji ya bomba, au iliyoziba kwa nje kwa mbegu za nyasi na tope lililokauka kati ya mapezi. Angalia mpira wa chini wa rejeta: mtu akiongeza mafuta huku wewe unautazama, je, unajikunja na kubana kama mrija wa soda? Hapo maji hayapiti. Angalia themostati (mlango mdogo unaofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta), majira ya plagi kuchoma, na gasketi ya silinda hedi. Njia rahisi ya kuipima gasketi: injini ikiwa ya baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, washa na utazame maji. Viputo vikipanda bila kukoma, gesi ya moto inaingia kwenye maji. Hedi ya L24 ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, kwa hiyo kuchemsha vibaya mara moja tu kunaweza kuipinda. Hakuna feni itakayoliponya hilo.

Halafu kuna hali ya tatu, ambayo ndiyo ngumu, na kwa barabara zetu ndiyo ya kawaida. Unapanda Mazeras au mteremko wa Mai Mahiu nyuma ya lori lililobeba kontena, gia ya pili, kilomita 25 kwa saa. Injini inafanya kazi nzito kuliko wakati wowote, lakini upepo wa mwendo hakuna. Hapo feni na rejeta zote zinapimwa kwa pamoja. Gari linaloshindwa mlimani tu nyuma ya lori, lakini linastahimili foleni ya mjini, mara nyingi lina feni nzima na rejeta iliyoanza kuziba. Linaloshindwa kotekote, foleni na mlima, anza na feni.

Nairobi inaongeza jambo lake. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo mapanga yaleyale yakizunguka kwa kasi ileile yanapitisha hewa yenye uzito mdogo. Maji nayo yanachemka karibu na nyuzi 94 yakiwa wazi. Kifuniko cha rejeta cha shinikizo la 0.9, ndicho cha 240Z, kinapandisha kiwango hicho hadi kama nyuzi 115. Kifuniko kilichokauka mpira kinakurudisha kwenye 94. Badilisha kifuniko kabla ya kitu kingine chochote. Ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu.

## Hakikisha kweli ni joto

Geji za dashibodi za gari la umri huu zinadanganya. Kama sindano inaruka juu ghafla unapowasha taa au wipa, hilo si joto, ni ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Maji hayawezi kupanda nyuzi 20 kwa sekunde moja. Pata kipimajoto cha miale, kile cha umbo la bastola, uelekeze kwenye kikombe cha themostati. Themostati ya kawaida ya L24 inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, ile ya nchi za joto 76.5. Ukisoma 85 hadi 95 kwenye foleni, gari ni zima na geji ndiyo inayohitaji fundi. Ukisoma 105 na inaendelea kupanda, zima injini.

Hapa niseme jambo moja kuhusu ile themostati ya 76.5. Wengi huiweka wakidhani italipoza gari linalochemsha. Themostati inaamua gari lianze kupozwa kwenye joto gani. Haiongezi uwezo wa rejeta wala wa feni. Kama uwezo haupo, utachemsha vilevile, umechelewa dakika chache tu. Na wapo wanaoitoa kabisa. Maji yanazunguka muda wote, asubuhi injini inachukua muda mrefu kupata joto, inakunywa mafuta, na mlimani bado inachemsha.

## Feni ya mkanda: dalili na zinachosema

Feni ya asili inakaa mbele ya pampu ya maji na inazungushwa na mkanda. Magari mengi ya aina hii yana klachi ya feni katikati, kile kidude cha mviringo chenye mapezi ya kupoza, na mbele yake kuna springi bapa iliyojikunja kama konokono. Ndani kuna mafuta ya silikoni. Hewa ya moto kutoka kwenye rejeta ikiipiga ile springi, inajikunjua na kufungua tundu, silikoni inaingia mahali pake na feni inashikana na pampu. Hewa ikipoa, feni inaachiwa na kuzunguka kivivu.

Injini ikiwa imezimwa na ya baridi, sukuma panga kwa kidole. Feni nzima inazunguka kwa uzito, kama mwiko kwenye uji mzito, na ukiiachia inasimama mara moja. Ikizunguka raundi tatu au nne yenyewe kama gurudumu la baiskeli, silikoni imekwisha. Mara nyingi utakuta na ushahidi: michirizi myeusi yenye mafuta na vumbi iliyotawanyika kutoka katikati kuelekea nje, kama miale ya jua inayochorwa na mtoto. Ukiona michirizi hiyo, usipoteze muda kupima zaidi. Nunua klachi.

Dalili ya upande wa pili ni feni isiyoachia. Gari linavuma kama lori kila ukiongeza mafuta, injini inahisi imefungwa kamba, lakini halichemshi. Klachi imeng'ang'ana. Wengi huliacha hivyo kwa sababu joto haliwasumbui, lakini nguvu inayoliwa na feni inapanda kwa mchemraba wa mzunguko: mzunguko ukiongezeka mara mbili, feni inakula nguvu mara nane. Beringi za pampu ya maji ndizo zinazolipa. Usichanganye hali hii na ule uvumi wa asubuhi unaodumu dakika moja hivi baada ya kuwasha kisha ukatulia. Hiyo ni silikoni iliyotuama usiku kucha, na ni kawaida.

Shika ncha ya panga uitikise mbele na nyuma. Kuchezacheza kidogo, milimita chache, kunavumilika. Ukisikia "kloki", au feni nzima inayumba pamoja na puli, ugonjwa si wa klachi bali wa beringi ya pampu. Tazama chini ya shingo ya pampu: kuna kitundu kidogo, na kama kinadondosha maji au kina alama ya kutu iliyoteremka, pampu ndiyo imeomba kustaafu. Kufunga klachi mpya kwenye pampu ya namna hiyo ni kutupa pesa.

Mkanda nao: ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukishuka kama sentimita moja, uko sawa. Ukishuka mbili na una mng'ao kama umepakwa varnishi, unateleza, hasa ukiwasha taa na alteneta, ile inayochaji betri, ikawa nzito. Feni, pampu na chaji vyote vinapungua kwa pamoja. Dereva anaona temperecha tu, anailaumu feni.

## Kava: kipande wanachokitupa

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu magari mengi niliyoyaona yanayochemsha kwenye foleni yana feni nzima na hayana kava.

Kava ni lile bati au plastiki linaloizunguka feni na kufunika mgongo wote wa rejeta. Linatolewa siku rejeta inapokwenda kuchomelewa, fundi anaona linamsumbua kulirudisha, linabaki kona ya gereji. Bila kava, feni inavuta hewa kwenye duara iliyo mbele yake tu, tena sehemu kubwa ya hewa hiyo inazunguka kutoka pembeni ya mapanga na kurudi mbele bila kupita kwenye rejeta hata kidogo.

Jaribu mwenyewe. Injini ikiwa ya moto na iko kwenye mzunguko wa chini, chukua ukurasa mmoja wa gazeti, uuweke mbele ya rejeta upande wa grili, katikati. Utanatia kama umepakwa gundi. Sasa usogeze taratibu hadi kona ya juu. Kwenye gari lisilo na kava, ukurasa utalegea na kuanguka. Sehemu yote ambayo karatasi inaanguka ni rejeta uliyoinunua na ambayo haifanyi kazi ukiwa umesimama. Fundi bati wa Jua Kali anaweza kukukunjia kava la bati jepesi kwa siku moja. Mwambie aache nafasi ya milimita 15 hadi 25 kati ya ncha za mapanga na ukingo, na panga liingie ndani ya mdomo wa kava kama nusu ya upana wake. Likizama lote ndani, hewa inakosa njia ya kutokea pembeni. Likibaki lote nje, kava ni pambo.

Kabla hujarudisha kava lolote, tikisa injini kwa mikono. Mpira wa injini uliopasuka unaiacha injini isogee mbele unapofunga breki kwa nguvu, na feni inakula kava, halafu inakula rejeta.

## Sasa uchague: ya mkanda au ya umeme?

Msimamo wangu uko wazi. Kama gari lako ni la barabarani, injini haijaongezwa nguvu, na pampu ni nzima, weka klachi mpya ya feni, kava kamili na mkanda mpya. Mfumo huo hauhitaji waya, fyuzi wala swichi, na mlimani kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika unavuta hewa ambayo feni nyingi za umeme za dukani hazitaifikia. Ukinunua klachi, pima kimo chake pamoja na pampu yako. Pampu za maji za familia ya injini za L ziko za urefu tofauti, na tofauti ya sentimita moja inatosha kuipeleka feni kwenye rejeta. Kati ya panga na rejeta acha milimita 25 au zaidi.

Umeme unastahili pale panapo sababu. Injini iliyotiwa kabureta kubwa na kamshafti kali, ambayo inatoa joto jingi kwenye mzunguko wa chini. Gari linaloishi kwenye foleni, kwa maana feni ya mkanda kwenye mizunguko 700 inazunguka kivivu ilhali ya umeme inatoa nguvu yake yote. Rejeta nene isiyobakiza nafasi ya klachi. Na gari la kuvuka mito.

Hilo la mito si hadithi za zamani tu. East African Safari Classic Rally, iliyoanza 2003, inapeleka magari ya namna hii tena kwenye njia za udongo. Feni ya chuma isiyo na klachi ikiingia majini kwa kasi inageuka kuwa propela: mapanga yanapinda kuelekea mbele na kuikata rejeta. Ndiyo maana madereva wa zamani walilegeza mkanda au kufunika grili kwa turubai kabla ya kuvuka. Feni ya umeme unaizima kwa swichi.

Ukishaamua umeme, usinunue kwa inchi zilizoandikwa kwenye boksi bila kupiga hesabu. Feni ya inchi 16 inafunika duara la mita za mraba 0.13. Ya inchi 14 inafunika 0.10. Feni mbili za inchi 10, ambazo wauzaji wanazisifu kwa kuwa "ni mbili", zinafunika 0.10 vilevile, sawa na moja ya 14. Pima rejeta yako, chukua kubwa kuliko zote inayoingia ndani ya mipaka yake bila kutokeza, na itafute iliyokuja na kava lake. Kisha pima kina: kutoka mgongo wa rejeta hadi ncha ya pampu, baada ya kutoa feni ya zamani na klachi. Mota ya feni ndiyo nene. Wakati mwingine feni inaingia ukiisogeza upande ili mota isikutane na pampu.

Ile namba ya futi za ujazo kwa dakika iliyoandikwa kwa herufi kubwa imepimwa feni ikiwa hewani, haina rejeta mbele yake. Inakusaidia kulinganisha feni mbili za kiwanda kimoja, si zaidi. Namba ninayoiamini ni ampea. Hewa haisukumwi bure. Feni ya inchi 16 inayodai kusukuma hewa nyingi huku inakula ampea 7 tu haiwezi kuwa inasema kweli. Feni ya kazi ya ukubwa huo inakula 15 hadi 25.

Iweke nyuma ya rejeta, upande wa injini, ivute. Feni ya mbele inayosukuma ni chaguo la mwisho, kwa kuwa mota na mapanga yake yanakinga upepo wa mwendo. Gari lililokuwa linachemsha foleni linaanza kuchemsha barabara kuu. Na usikubali vile vibano vya plastiki vinavyopenyezwa kati ya mapezi ya rejeta. Vinasugua mirija kwa mtikisiko, na baada ya miezi michache una rejeta inayovuja mahali pasipochomeleka vizuri. Tengeneza mabano ya bati yanayoshika kwenye fremu ya rejeta.

## Gari linaweza kuilisha?

Alteneta ya kwanza ya 240Z ni ya ampea 45 hadi 50 hivi, na hizo ni ampea za mzunguko wa juu. Gari likiwa limesimama kwenye foleni usiku, injini kwenye mzunguko wa chini, alteneta inatoa chini ya nusu ya hapo. Sasa jumlisha: taa kubwa zinakula kama 9 au 10, taa ndogo na za breki, kuchoma plagi, feni ya ndani, na wewe umeongeza feni ya ampea 20. Hesabu haifungi. Kila foleni unakopa kwenye betri, na kila siku unarudisha pungufu. Wengi wanaoendesha magari haya wanafunga alteneta ya ampea 60 ya Datsun 280ZX, yenye regyuleta (kidhibiti cha chaji) ndani yake, kwa kurekebisha waya za regyuleta ya zamani. Kwa feni kubwa, ifanye kazi hiyo kwanza.

Kuna ammita, geji ya ampea, kwenye dashibodi ya 240Z, na inabeba mkondo unaoingia na kutoka kwenye betri. Ukichukua umeme wa feni kwenye nguzo ya betri, mkondo wote wa feni utapita kwenye ammita hiyo na waya zake za miaka 50. Niliwahi kuchomoa kiungio nyuma ya dashibodi ya gari la namna hiyo: plastiki nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai, pini moja imelegea na kunuka moto, na koti la waya lilivunjika kama ganda la yai nilipoukunja. Gari lilikuwa linatembea kila siku. Tangu hapo nachukua umeme wa feni kwenye nguzo ya alteneta, na fyuzi ya ampea 30 naiweka karibu na nguzo hiyo, si karibu na feni.

Waya uwe wa milimita za mraba 4 au zaidi, kwenda na kurudi. Ethi isifungwe kwenye bati lenye rangi. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae. Rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, iwe ya ampea 40, kwa kuwa mota inapoanza inavuta mara mbili ya kawaida yake au zaidi. Swichi ya joto iwashe kwenye nyuzi 92 au 95 na kuzima kama nyuzi tano chini yake, ukiwa na themostati ya 82. Ongeza swichi ya mkono ndani ya gari. Swichi za joto hufa kimyakimya.

## Umeshafunga, na bado

Feni inawaka lakini temperecha haishuki. Rudi na ule ukurasa wa gazeti. Ukisukumwa badala ya kuvutwa, waya zimegeuzwa, zibadilishe. Ukivutwa kwa unyonge, huenda panga limefungwa kinyume. Watu wanachanganya mambo haya mawili. Kugeuza panga mbele-nyuma hakubadilishi hewa inakoelekea, kunaipunguza nguvu tu, maana mkunjo wa panga unakata hewa kwa mgongo. Kinachobadilisha mwelekeo ni kubadilisha waya. Kwa hiyo feni iliyotengenezwa kusukuma, ukitaka ivute, inahitaji vyote viwili: waya zigeuzwe na panga ligeuzwe.

Mwelekeo ni sahihi, hewa bado haba. Pima volti kwenye kiungio cha feni ikiwa inazunguka, kisha kwenye alteneta. Tofauti ya zaidi ya nusu volti ina maana waya ni mwembamba au ethi ni mbovu. Feni inayopata volti 11 si feni uliyoilipia.

Feni haizimi hata asubuhi. Swichi ya joto inawasha chini ya joto la themostati. Ukiwa na themostati ya 82 na swichi ya 80, injini haitashuka chini ya kiwango cha kuzima.

Fyuzi inakatika feni inapoanza tu. Usiweke kubwa zaidi kabla ya kuzungusha feni kwa mkono, waya wa betri ukiwa umetolewa. Ikikwama mahali, kava limepinda au mota imeingia tope.

Umezima ufunguo na injini inaendelea kunguruma sekunde mbili tatu. Hii inawatisha watu, wanadhani ni kabureta. Feni inayozunguka bila umeme inageuka kuwa jenereta, na kama imeungwa kwenye waya uleule wa ufunguo, inailisha koili ya kuchoma. Tenganisha: umeme wa feni upite kwenye rilei kutoka kwenye nguzo ya alteneta, ufunguo uwashe koili ya rilei peke yake.

Ukimaliza, lifanyie gari mtihani kabla hujalipeleka mlimani. Lisimamishe juani saa saba mchana, washa taa kubwa, liache lingurume dakika 30 bonneti ikiwa imefungwa, na kipimajoto mkononi. Feni iwake, ishushe joto hadi izime, iwake tena, na volti kwenye betri zisipungue 13 inapowaka. Likipita mtihani huo mara mbili mfululizo, nenda Mai Mahiu ukatafute lori la kontena, ulifuate hadi juu.